Siku binti mwenye kisukari alipomtembeza mama yake Bagamoyo

Saa 11:30 alfajiri ya Jumamosi, mama mmoja mkazi wa Kimara, Dar es Salaam, alikuwa jikoni akipanga vitu kwenye begi dogo la bluu. Kipima sukari. Kopo la vijiti vya kupimia. Sindano nne, ingawa kwa mchana huo ingehitajika moja tu. Pakiti ya glukosi ya unga. Biskuti. Ndizi tatu. Chupa ya chai iliyojazwa maji ya baridi, na ndani yake kichupa cha insulini kilichofungwa vizuri kisilowe.

Binti yake wa miaka 12, mwanafunzi wa darasa la sita, alisimama mlangoni akiwa tayari amevaa raba na kofia.

"Mama, hilo begi nibebe mimi."

"Wewe beba maji yako, mwanangu. Hili naliweza."

Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka minane, alikuwa bado yuko chini ya kitanda akitafuta kiatu cha kushoto.

Safari ilikuwa ya Bagamoyo, mji mdogo wa kihistoria ulio kilometa 70 hivi kutoka Dar es Salaam. Wiki tatu kabla, darasa lote la sita la shule anayosoma binti huyo lilikwenda huko kwa ziara ya masomo. Yeye alibaki nyumbani. Aliambiwa sababu kwa kifupi tu: ni vigumu kwa mtoto mwenye kisukari kutembea juani siku nzima.

Wenzake walirudi na picha walizopiga chini ya mbuyu mkubwa. Jumatatu iliyofuata waliandika insha iliyoitwa "Ziara yetu". Yeye aliandika kuhusu siku aliyopika maandazi na bibi yake. Mwalimu alimpa alama 17 kati ya 20 bila kuongeza neno.

Mama aliikuta insha hiyo kwenye daftari wakati anakagua kazi za nyumbani. Aliisoma mara mbili. Usiku huo alimpigia simu mumewe, dereva wa malori ambaye wakati huo alikuwa Tunduma akisubiri kuvuka mpaka. Baba hakuongea sana. Alituma fedha ya nauli, na chini yake ujumbe: "Mpeleke. Ila usimchoshe mtoto kwa kumpima kila hatua."

Mwaka mmoja wa hofu

Ujumbe huo ulimchoma mama kidogo, kwa sababu alijua una ukweli.

Yalianza msimu wa mvua za masika wa mwaka uliopita. Mtoto aliyekuwa halali bila kucheza rede uwanjani akaanza kurudi shule na kujilaza. Alikunywa maji kama mtu aliyetoka shamba. Akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka mitatu, na sketi ya shule ikawa inamdondoka kiunoni. Bibi alisema ni minyoo. Duka la dawa likatoa vidonge vya homa ya njia ya mkojo.

Siku ya tisa alikuwa anapumua kwa kasi na kutapika. Hospitalini walimtoboa kidole, na mashine haikutoa namba. Iliandika herufi mbili tu, HI, maana yake sukari ilikuwa juu kuliko mashine ilivyoweza kusoma.

Ilikuwa kisukari aina ya kwanza. Katika aina hii, kinga ya mwili huzishambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini sukari hubaki kwenye damu badala ya kuingia mwilini na kutoa nguvu. Mtoto hakuugua kwa sababu alikula pipi nyingi, na wala si kosa la mama aliyempa uji wenye sukari. Lakini mama alichukua muda mrefu kuliamini hilo, na wapo majirani ambao hadi leo hawaliamini.

Tangu siku hiyo, nyumba nzima iliendeshwa na saa. Mama aliamka saa 8 usiku kila siku kumpima binti yake akiwa usingizini. Harusi ya mama mdogo wake Morogoro hawakwenda, kwa kuwa chakula cha harusi hakina muda. Mwaliko wa kulala kwa binamu zake Tegeta ulikataliwa. Mazoezi ya netiboli yalisitishwa "kwa muda", na muda huo haukuwahi kuisha.

Wenye watoto wenye maradhi ya kudumu wanaijua hofu hii. Huanza kama uangalizi, na mzazi huiita upendo. Mtoto naye huanza kuishi ndani ya uzio bila mtu yeyote kukumbuka ulijengwa lini.

Mizigo ya wapagazi

Walipanda basi dogo Makumbusho na kufika Bagamoyo saa 3 kasoro. Mama alimpima binti yake wakiwa bado stendi. Sukari ilikuwa 8.1. Dozi ya asubuhi walikuwa wameipunguza kidogo, kama walivyoelekezwa kliniki, kwa sababu siku ya kutembea sana mwili hutumia sukari nyingi.

Kituo cha kwanza kilikuwa Caravanserai, kambi iliyopokea misafara kutoka bara katika karne ya 19. Kijana mwongozaji aliwaeleza kwamba njia ya misafara ilitoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ikapitia Tabora hadi hapa pwani, umbali wa kilometa 1,200 hivi. Wapagazi walibeba pembe za ndovu, kila mmoja mzigo wa kilo 30 na zaidi. Wapo waliotembea kwa ujira. Wapo waliotembea kwenye minyororo, na hao hawakurudi walikotoka.

"Mimi nina kilo 24," alisema yule mdogo. "Kwa hiyo wangeweza kunibeba?"

"Wangekubeba na begi lako la shule," mwongozaji akamjibu.

Ndipo akawaeleza jina la mji. Wapo wanaosema linatokana na "bwaga moyo", kwa maana ya kupumzika: mpagazi amefika baharini, anatua mzigo, anapata ujira na usingizi. Wapo wanaosema ni kilio cha mtumwa: moyo wako uache hapa, maana ng'ambo ya bahari hurudi tena. Neno ni moja, lakini aliyelipa maana ni yule aliyelitamka.

Binti aliuliza, "Na wewe unaamini lipi?"

"Yote mawili. Walipita wote hapa."

Wakaenda Ngome Kongwe, ambayo ilianza kama nyumba ya mfanyabiashara wa Kiarabu mnamo mwaka 1860 kabla ya Wajerumani kuigeuza kituo cha askari. Wakapita Boma, jengo la ghorofa lenye umbo la herufi U lililojengwa mwaka 1897. Mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891 yalipohamishiwa Dar es Salaam. Mdogo mtu alitaka kujua askari walikuwa wanajisaidia wapi, na mwongozaji akajitahidi kumjibu.

Katika saa moja na nusu hiyo, mama alikuwa amemuuliza binti yake "unajisikiaje?" mara 11. Aliyehesabu ni mdogo wake, na alikuwa anatangaza idadi kila mara.

Jina alilolijua bila kulijua

Kilichomnyamazisha mama kwa muda ni jengo la shule. Mwongozaji alisema limejengwa mwaka 1896 kwa fedha za Sewa Haji, na kwamba ilikuwa shule iliyopokea watoto bila kujali rangi.

"Sewa Haji yupi?" mama aliuliza. "Wa Muhimbili?"

Huyo huyo. Sewa Haji Paroo alizaliwa Bagamoyo mwaka 1851 katika familia ya Kihindi, akatajirika kwa kuiuzia misafara vitambaa, shanga na vyakula na kuitafutia wapagazi. Fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 1897, mwaka ambao yeye mwenyewe alifariki. Hospitali hiyo ndiyo chimbuko la Muhimbili ya leo, na hadi sasa lipo jengo lenye jina lake.

Kila walipokwenda kliniki, mama alikuwa analipita jengo hilo akiwa amemshika binti yake mkono. Alidhani Sewa Haji ni jina la daktari fulani.

"Kumbe alikuwa mtu wa huku," alisema polepole.

"Mama, hilo limeandikwa kwenye kitabu chetu," binti akasema. Akaendelea kumsimulia mama yake mambo mengine ya mji huo aliyoyasoma peke yake katika wiki zile tatu. Alijua mengi kuliko mtoto aliyeletwa kwa basi la shule. Mwongozaji naye akawa anamwachia aongee.

Samaki waliochelewa

Saa 6 mchana walikuwa ufukweni, karibu na jengo la zamani la forodha la mwaka 1895. Majahazi yalikuwa yamelala upande maji yakiwa yamekupwa, na sokoni makarai ya kukaangia samaki yalikuwa yanatoa moshi. Waliketi kwenye kibanda cha mama lishe, wakaagiza changu wa kukaanga na wali wa nazi.

"Dakika 20 tu, dada," mhudumu alisema.

Insulini ya chakula anayotumia binti huyo ni ile inayochomwa nusu saa kabla ya kula. Mama alipiga hesabu. Dakika 20 za mhudumu, ongeza 10 za kawaida ya Bagamoyo. Akatoa insulini, akampa binti yake, naye akajichoma tumboni akiwa amejificha nyuma ya khanga ya mama. Bibi mmoja aliyekuwa meza ya jirani aliona, akatikisa kichwa kwa huruma.

Dakika 30 zikapita. Zikapita 45. Mkaa ulikuwa umelowa, na karai moja lilikuwa linahudumia meza sita. Mama akainuka kwenda kuwaharakisha wapishi. Kwa mazoea ya mwaka mzima, alilitundika begi la bluu begani na kuondoka nalo.

Mabishano jikoni yalikolea. Mama alitaka wali utangulie hata bila samaki, na mpishi alitaka mteja aelewe kwamba foleni ni foleni.

Kule mezani, binti alianza kuhisi midomo inakufa ganzi. Akatoka jasho la baridi shingoni, ingawa upepo wa bahari ulikuwa unavuma. Mikono ikaanza kutetemeka. Akamgeukia mdogo wake.

"Mfuate Mama. Mwambie imeshuka."

Mtoto alitoka mbio, lakini alikimbilia kibanda siyo, maana vyote vilikuwa vinafuka moshi. Binti hakumsubiri. Aliinuka akiwa ameshika meza, akaenda kwenye sanduku la soda na kumwambia mhudumu, "Naomba soda, ile ya kawaida yenye sukari. Mama atalipa."

Alipoipeleka mdomoni, yule bibi wa meza ya jirani alimshika mkono.

"We mtoto! Nimekuona hapa unajidunga sindano ya sukari, halafu unakunywa soda? Unataka kufa?"

Yeyote aliyewahi kushukiwa na sukari anajua kwamba wakati huo kichwa huwa kizito na maneno hayaji. Binti alivuta pumzi.

"Shikamoo bibi. Sasa hivi sukari imeshuka. Soda ndiyo dawa yake. Ikipanda ndiyo siruhusiwi."

Bibi aliuachia mkono. "Marahaba," alisema, akavuta kiti na kukaa karibu naye. "Kunywa basi, mjukuu wangu. Kunywa taratibu."

Alikunywa nusu chupa, akaiweka chini. Mama alipofika, begi likiwa linamgonga ubavuni na kisahani cha wali mkononi, alimkuta binti yake ameegemea meza huku bibi asiyemjua akimpepea na ukili. Kipimo kilisoma 3.2. Chini ya 4, au 3.9 kwa vipimo vya hospitali nyingi, huhesabika kuwa sukari imeshuka na mtoto anatakiwa kusaidiwa papo hapo.

Mama alitaka amalizie chupa yote. Binti alikataa kwa kichwa. "Dakika 15 kwanza. Tulifundishwa wote."

Ni kweli walifundishwa wote. Sukari ikishuka, mtoto apewe gramu 15 za sukari inayoyeyuka haraka: vijiko vitatu hadi vinne vidogo vya sukari kwenye maji, au chini kidogo ya nusu chupa ya soda ya kawaida. Asubiri dakika 15, apimwe tena. Ikiwa bado iko chini, arudie. Ikishapanda, ale chakula. Kumwaga chupa nzima kwa hofu huirusha sukari juu na kuleta tatizo la pili.

Baada ya dakika 15 ilikuwa 5.3. Samaki nao wakafika, wakiwa wameiva vizuri sana, na hakuna aliyewasifia.

"Saini niliijua"

"Tunarudi nyumbani," mama alisema walipomaliza kula. Alikuwa anafunga vitu kwa haraka, na mikono yake sasa ndiyo iliyokuwa inatetemeka.

"Bado Misheni, Mama. Mbuyu uko huko."

"Hujaona kilichotokea?"

"Nimeona. Nimekitibu."

Mama hakuwa na jibu. Yule bibi, ambaye alikuwa bado anachambua miba ya samaki wake, alisema bila kuinua macho, "Mwanangu, mtoto wako ana akili. Kilichompa shida hapa ni kwamba dawa uliondoka nayo wewe."

Mama akakaa kimya. Alilitazama begi lililokuwa mapajani mwake. Halafu akampima tena binti yake, ikasoma 6.9, akampa ndizi na biskuti mbili kwa ajili ya njiani, na wakaanza kutembea kuelekea Misheni bila kupanda bajaji. Begi alibeba binti.

Misheni ya Katoliki ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu. Waliwakomboa watumwa kwa kuwanunua na kuwajengea kijiji ambapo waliishi wakiwa huru. Katika mnara wa kanisa la zamani ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa usiku wa Februari 24, 1874, kabla ya kupelekwa Zanzibar na kisha Uingereza. Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameubeba kwa miguu kwa miezi mingi kutoka Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,500.

"Kwa nini hawakumzika tu hukohuko?" mdogo mtu aliuliza.

"Moyo wake waliuzika hukohuko," dada yake akamjibu. "Mwili ndio waliusafirisha."

Mbuyu uko ndani ya eneo la Misheni. Ni mkubwa kiasi kwamba darasa zima linaweza kupanga mstari mbele yake, na ndivyo walivyofanya wale wanafunzi wa darasa la sita. Kwenye shina kuna kipande cha mnyororo kinachochungulia. Inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, aliyewahi kuendesha zahanati Zanzibar kabla ya kuja kujitolea Bagamoyo, aliufunga hapo ili amfungie punda wake. Mnyororo ukasahaulika, mti ukaendelea kunenepa, na sasa sehemu kubwa imemezwa na shina.

Mdogo mtu alijaribu kuuvuta, haukusogea. Akaenda kuzunguka mti ili aone kama unatokea upande wa pili.

Walipobaki wawili, mama aliketi kwenye mzizi na kusema jambo alilokuwa nalo kwa wiki tatu.

"Mwanangu, si shule iliyokukatalia kuja na wenzako. Walileta karatasi. Walisema mwalimu wa afya atakuwepo, wakaniomba niwaandikie maelekezo tu. Mimi ndiye niliyesaini kwamba usiende."

Binti alikuwa anakwangua gome la mti kwa ukucha.

"Najua, Mama."

"Unajua?"

"Mwalimu alinionyesha karatasi nilipomuuliza. Saini niliijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Mama alilia. Hakulia kwa sauti, na alijifuta kwa pembe ya khanga ileile iliyotumika mchana. Binti alisimama pembeni yake kwa muda, kisha akamwekea mkono begani, kama watu wazima wanavyofanya msibani wasipokuwa na la kusema.

"Naogopa," mama alisema.

"Na mimi naogopa, Mama. Lakini ukiwa unaogopa sana, mimi siwezi kukwambia nikijisikia vibaya. Naona utanifungia tena."

Sentensi hiyo ndiyo mama aliyorudi nayo Kimara. Mwaka mzima aliamini kwamba hofu yake ndiyo inayomlinda mtoto. Hakujua kwamba ilikuwa inamfundisha kuficha, na kwa mtoto mwenye kisukari kuficha ni hatari kuliko jua la Bagamoyo. Mtoto anayeogopa kusema "imeshuka" huweza kuchelewa dakika tano, na dakika hizo tano ndizo zinazotenganisha kutetemeka na kuzimia.

Mdogo mtu alirudi na taarifa kwamba upande wa pili hakuna mnyororo. Walipiga picha, watatu kwa pamoja, simu ikiwa imeshikwa na mlinzi aliyekata vichwa katika picha ya kwanza. Magofu ya Kaole, yaliyo kilometa tano hivi kusini mwa mji, yenye misikiti na makaburi ya karne nyingi zilizopita, hawakuyafikia. Jua lilikuwa limeshuka na miguu ya mdogo mtu ilikuwa imegoma.

Karatasi ya Jumatatu

Usiku huo, kwa kuwa mwili huweza kuendelea kupunguza sukari kwa saa nyingi baada ya siku ya kutembea sana, mama aliweka saa imwamshe saa 8. Alipoingia chumbani alimkuta binti ameshaamka na kujipima. Ilikuwa 6.4. "Rudi ukalale, Mama," aliambiwa.

Jumapili jioni walikaa mezani wakaandika ukurasa mmoja wa kupeleka shule. Mama alitaja mambo, binti akayaandika kwa mwandiko wake.

Dalili zangu sukari ikishuka: jasho, kutetemeka, midomo kufa ganzi, njaa, hasira bila sababu.

Nikisema imeshuka, nipeni soda ya kawaida au glukosi hapohapo. Msinipeleke kwanza ofisini, na msiniache nitembee peke yangu.

Subirini dakika 15, nitapima tena. Baada ya hapo nitahitaji chakula.

Nikizimia au nikishindwa kumeza, msinimiminie kitu chochote mdomoni. Nilazeni kwa ubavu, nipelekeni hospitali haraka, na mpigieni Mama.

Siku za michezo au safari, nitakula kitu kidogo kabla, na nitabeba akiba ya ziada.

Sindano ya chakula nitachoma nikiwa na uhakika chakula kinakuja kwa wakati. Kama sina uhakika, nitasubiri nikione.

Insulini yangu isiachwe juani wala kwenye gari lililofungwa, na isiwekwe moja kwa moja kwenye barafu.

Mama aliisoma, akaona imekamilika, akachukua kalamu kusaini. Binti akamwomba asubiri. Akaongeza mstari mmoja chini kabisa:

Begi langu la bluu nabeba mwenyewe.

Mama akasaini chini ya mstari huo. Kisha akauliza mazoezi ya netiboli ni siku gani.